Siku Tuliyomzikia Padri Odiwuor Yago

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo hunijia nikiwa nimekaa tu, mikono ina kazi na akili haina. Ziwa pale Karungu lilikuwa limetulia kama uji uliopoa. Kwa mbali wale wadudu wadogo wa majini walikuwa wameinuka kwa wingi wao, wakasimama angani kama moshi wa jiko la nyumba ambayo haipo. Kaka yangu alikuwa amechutama kwenye nyavu ufuoni, akinisaidia kugeuza omena, wale dagaa wa ziwa letu, walioanikwa. Alikuwa padri tayari, lakini siku hiyo alivaa shati kuukuu la marehemu baba, na magamba yalimng'aa vidoleni. Ungemwona usingesema huyu ndiye anayeinua kalisi watu wakapiga magoti.

Nakusimulia habari zake kwa sababu wewe ni kijana, na naona unapenda kila jambo lako liwe na faida. Sikulaumu. Mimi mwenyewe nimeuza omena Remba, Sindo, Migori mjini mpaka Homa Bay, na sijawahi kulipa bei ya kwanza niliyotajiwa, hata hospitalini. Siku ya harusi yangu nilimwomba paroko apunguze mahubiri. Alipunguza. Jirani yangu wa mkeka wa pili sokoni alikuwa Msabato: Jumamosi soko likawa langu, Jumapili likawa lake, na siku zilizobaki tuligombana kama Wakristo. Kwa hiyo ukinisikia nikikwambia kuna mahali ambapo mtu hapigi bei, ujue sikuzaliwa nikilijua hilo.

Mama yetu alizaa wawili tu. Mimi, Akoth, nilitangulia, na Odiwuor akanifuata. Alipokuwa mdogo alikuwa mchuuzi mbaya kuliko wote waliowahi kukaa nyuma ya gorogoro. Gorogoro unalijua, lile kopo la kupimia. Mama akimwachia omena, akirudi anakuta mkeka mtupu na wateja wenye furaha. Mtu akimwambia "Medna," yaani kwa lugha yetu "niongezee", Odiwuor anaongeza. Akiambiwa tena, anaongeza tena. Siku moja alimwongezea mama mmoja mpaka yule mama mwenyewe akamwambia, "Sasa tosha, mtoto wangu, mama yako atakuchapa."

Nikakaa naye chini nikamfundisha. Nilimwambia konzi ya juu, ule mkono mmoja wa nyongeza juu ya kipimo, ni haki ya mteja, hiyo usimnyime, lakini ngoja aiombe, na akiomba, itoe kama mtu anayeng'olewa jino. Na ukiwa wewe ndiye mnunuzi, usiondoke bila kuidai, maana konzi ile ndiyo kitu pekee ambacho muuzaji hukitoa huku akicheka. Nikamfundisha kuchelewesha jibu. Nikamfundisha kuanza na kile ambacho mwenzako hawezi kukukatalia bila kuona aibu, halafu upande polepole kutoka hapo. Alijifunza yote. Lakini jambo la ajabu, mwanangu, aliweza akiwanunulia wenzake tu. Seminarini walimtuma yeye sokoni kwa sababu alirudi na vitu vingi. Viatu vyake mwenyewe vilimkaba vidole mwaka mzima, kwani hakutaka kumsumbua muuzaji wa viatu.

Alipopewa upadri tulifurahi mpaka ng'ombe wakapata hofu. Halafu wakubwa wake wakamtuma mbali, kaskazini, katika nchi ya mchanga na miiba. Sitaitaja jina, maana wenyeji wake wengi ni watu wema na hawastahili kubeba sifa mbaya ya wachache. Huko alikuwa na kanisa dogo, zahanati, na kisima. Aliporudi likizo alituambia kisima ndicho kilichopendwa zaidi na watu wa dini zote, na yeye hakuona wivu.

Ila mambo ya huko yalikuwa yamebadilika. Walikuwa wametokea watu wenye bunduki wakisema kwamba katika eneo lile hapatakuwa tena na misa, wala kengele, wala mtu wa kusali namna yetu. Mapadri wawili walikuwa wamefukuzwa, mmoja hakuonekana tena. Waumini walizoea kusali kwa kunong'ona. Odiwuor alituambia haya akiwa anakula, kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi.

Ndiyo maana asubuhi ile ufuoni niliamua kumzuia. Nilikuwa nimejipanga kama mtu anayekwenda mnadani.

"Kaa mwaka mmoja," nikamwambia. "Mwambie askofu mama ni mzee."

"Hapana, nyaminwa." Ndivyo alivyoniita, dada yangu.

"Miezi sita."

"Hapana."

"Basi mpaka Krismasi. Ule samaki unenepe, halafu uende ukafe ukiwa na afya."

Akacheka. "Unashuka haraka sana. Wewe si ndiye uliyenifundisha nisishuke kabla mwenzangu hajataja bei?"

"Taja basi!"

"Sina."

"Kila mtu ana bei ya mwisho, Odiwuor."

Akaacha kugeuza omena. Aliangalia ule moshi wa wadudu juu ya maji. Kisha akasema, bila ukali, "Ukinishika hapa utapata kaka mnene anayeogopa. Huyo utampenda kweli? Watu wale hawana likizo, nyaminwa. Wamebaki. Mimi nikibaki huku mpaka mambo yatulie, siku nitakayorudi nitawahubiria nini?"

Nikamtukana kidogo, nikampa omena wa kwenda nao. Akadai konzi ya juu. Nikampa. Ulikuwa mwaka ambao simu zilikuwa bado hazijafika kwetu, na mtu akipanda gari la kwenda mbali alikuwa kama ameingia ndani ya ukungu. Unajua yupo, lakini humwoni.

Habari ilifika kwa njia ya parokia, msimu wa mvua ukiwa umeanza. Katekista wetu alikuja nyumbani ameshika kofia yake mkononi, akasema misheni imechomwa, na padri hajulikani alipo.

Hajulikani alipo. Mwanangu, nililishika neno hilo kama mtu anayeshika ubao ziwani. Hajulikani alipo si sawa na amekufa. Hata mbuzi wangu nusu ya wiki hajulikani alipo.

Baba mdogo, ndugu wa baba yetu, hakuliona hivyo. Alisubiri kidogo, kwa heshima, halafu akaja na wazee wenzake kusema neno la yago. Labda wewe umekulia mjini na hulijui. Kwetu, mtu akizama ziwani na maji yakakataa kumrudisha, nyumba haiwezi kukaa na msiba ulio wazi. Hukatwa yago, lile tunda refu, zito, linaloning'inia mtini kwa kamba yake mwenyewe, likafungwa shuka, likalazwa kaburini, likaliliwa kama mtu. Hapo ndipo mama anaweza kufungua kilio chake chote. Kabla ya hapo hathubutu, kwani kumlilia mwana ambaye labda yu hai ni kukiita kifo kije.

Lakini yago lina ubaya mmoja, na wazee wote wanaujua. Ukimzikia mtu yago kumbe bado anapumua huko aliko, umemfungia lango. Hata akija kwa miguu yake haingii tena kama mwana wa boma lile, kwa sababu kwao yeye tayari ni kaburi lililo kando ya nyumba.

"Hakuna kuzika," nikasema. "Akija je?"

"Akoth," akasema baba mdogo, "mtu aliye hai hutuma salamu."

"Huyo hata alipokuwa Kisumu hakutuma salamu!"

Katekista naye alipinga, ila kwa sababu zake. "Padri wa Mungu azikwe kama tunda? Watu wa parokia nyingine watasemaje?"

Basi tukawa watu watatu tunaovutana, na katikati alikaa mama, miguu imenyooshwa mkekani. Mwishowe aliinua mkono. "Nilizaa wawili," akasema. "Mmoja hatazikwa huku mwingine anakataa. Siku Akoth atakapokubali, tutazika."

Hivyo ndivyo mzigo ulivyoniangukia. Nami sikukubali. Msimu ukapita, mwingine ukaja. Watu waliacha kuuliza. Mama hakulia, na kutolia kulianza kumla. Alikuwa mwanamke mpana, wa kubeba debe kichwani huku akisimulia hadithi; akawa mwembamba, sauti ikakauka kama samaki aliyesahauliwa juani. Kila jioni alimwekea Odiwuor chakula kwenye sahani ya bluu, na kila asubuhi aliwapa kuku. Nikimuuliza hali, ananijibu, "Nakungoja wewe." Hakusema kwa lawama. Ndiyo maana liliniuma.

Na mimi, mwanangu, miezi ile niliiishi kama mtu aliyelala akiwa na macho wazi. Ulikuwa wakati magugu ya maji yalikuwa yamelijaa ziwa. Yalikuwa yanakatika na kuelea, visiwa vizima vya kijani vyenye maua ya zambarau, vikipita mbele ya Karungu polepole bila kasia wala tanga. Ndege walisimama juu yake. Siku moja nikiwa kwenye boti kutoka Remba, jua likiwa la saa sita na maji yameng'aa mpaka macho yanatoa machozi, niliona mtu amesimama juu ya kisiwa kimojawapo. Amevaa shati la baba. Hakunipungia mkono. Alikuwa anapita tu, kama abiria. Nikamwambia nahodha ageuze, akageuza, tukakuta korongo mmoja mzee akituangalia kwa dharau. Nahodha hakuniuliza kitu. Watu wa ziwa wana adabu hiyo. Nilimwona tena Sindo, kwenye kivuli cha mizani ya samaki. Nilimsikia katika soko la Migori akiuliza bei ya vitunguu. Kila mara nilijiambia: waona, mtu aliyekufa hazunguki hivi.

Kisha Sista akaja.

Alishushwa na pikipiki langoni kwetu, mtawa wa makamo, mwembamba, shela yake ya kijivu imejaa vumbi. Alikuwa Mtanzania wa upande wa Musoma, jina lake Sista Klementina, naye alikuwa muuguzi kwenye ile zahanati ya Odiwuor. Alikuwa amefichwa muda mrefu na majirani wa misheni, watu wa dini nyingine, waliomvalisha nguo zao na kumwita shangazi mpaka njia ilipofunguka. Tulimkaribisha, tukampa chai. Baba mdogo alivuta kiti. Mama hakuinuka mkekani, alimtazama tu.

Hapa palikuwa na shida ambayo wewe huenda unaiona ndogo. Sista hakujua Kijaluo. Mama hakujua Kiswahili, zaidi ya bei za samaki. Baba mdogo alikijua cha kuelewana na polisi tu. Kwa hiyo mkalimani alikuwa mimi. Lolote ambalo mama angelisikia lingetoka kinywani mwangu.

"Mama," akasema Sista, "mimi nilikuwa pamoja na Padri siku ile."

Nikamgeukia mama. "Anakusalimu. Anasema alifanya kazi na Odiwuor."

Sista akafumba macho. "Walikuja asubuhi, wakiwa na silaha. Walitukusanya uani. Wagonjwa, kina mama waliojifungua, walimu waliokuwa wamekimbilia kwetu, na sisi. Walisema kila anayesali pale atakufa, na wa kwanza ni padri."

"Anasema," nikamwambia mama, "kulikuwa na fujo kidogo."

Kuku alipita kati yetu, akaokota kitu, akaenda zake.

"Akoth," akasema mama. "Huyu mgeni amesema maneno mengi kuliko hayo uliyonipa. Na amefumba macho. Mtu hafumbi macho kwa fujo kidogo." Akaniangalia kwa yale macho yaliyonilea. "Mimi nimeshika gorogoro kabla hujaota meno. Najua mkono unaobana kipimo. Usinipunguzie. Nipimie kama alivyosema."

Nimegombezwa na watu wengi, mwanangu, wengine na virungu mkononi. Hakuna aliyenishusha kama mama siku ile, naye hata hakupaza sauti. Nilirudi nyuma, nikatafsiri tena tangu mwanzo, neno kwa neno. Silaha nikasema silaha. Kufa nikasema kufa.

Sista akaendelea. Alisema Padri alimwomba kiongozi wao wakae chini, kwenye mkeka, pale kwenye kisima. Wakakaa. Padri akaanza kuongea taratibu kama mtu mwenye siku nzima. Kwanza aliwaombea wenye watoto wachanga. "Alimuuliza yule kiongozi, 'Mama yako yu hai?' Yule akasema yu hai. Akamwambia, 'Basi hawa waache waende, usije ukashindwa kumtazama.' Wakaachiwa. Halafu Padri akanyamaza kimya kirefu. Alinyamaza mpaka yule mtu mwenyewe akauliza, 'Unataka nini tena?' Ndipo akawaombea wagonjwa, nao wakaachiwa. Halafu akanyamaza tena."

Kile kimya nilikijua. Ni mimi niliyekifundisha, juu ya mkeka wa omena, kwa mtoto aliyekuwa akigawa bure.

"Akawatoa walimu," Sista akasema. "Hao walikuwa wagumu, jua lilifika utosini. Yule kiongozi akasimama, akasema sasa basi, imetosha. Mimi nilikuwa nimebaki mlangoni mwa jiko, peke yangu. Padri akanyanyua kidole akanionyesha. Akasema, 'Kwetu mteja haondoki bila konzi ya juu. Husema medna.' Lilikuwa neno lake, alikuwa akitutania nalo mezani tukimpakulia..."

"Medna!"

Alikuwa mama. Hakuningoja. Katikati ya Kiswahili chote kile alikuwa amesikia neno lake mwenyewe, akaruka nalo. "Medna, amesema medna! Akoth, mwanangu aliomba nyongeza?" Akapiga makofi mara moja, uso umefunguka, na kwa muda ule mfupi alikuwa mpana tena, mwanamke wa debe kichwani. "Aliomba nini? Alipewa?"

Nikamuuliza Sista. Machozi yalikuwa yanamteremka, lakini alitabasamu kwa mama moja kwa moja, akajigusa kifuani.

"Mwambie alipewa. Yule mtu alicheka. Konzi yenyewe ni mimi."

Nilitafsiri. Mama akanyoosha mkono akamshika Sista mguu, akaushikilia.

Mimi nilikuwa na swali lililobaki. Nililiuliza mara mbili, kama ninavyofanya kila mara, kwa maana jibu la kwanza watu hulitoa kwa adabu. "Na yeye mwenyewe? Alijiombea nini?"

"Hakujiombea."

"Sista, nauliza tena. Alikuwa na mtu aliyekwisha kucheka. Mtu akicheka ameshalegea. Alijiombea nini?"

"Hakuomba, dada. Yule kiongozi ndiye aliyemwombea yeye. Alimwambia, 'Sema tu wewe ni mwalimu, si padri wao, uende na huyu.' Akajibu, 'Mimi ni padri wao.' Akamuuliza tena, kwa upole kabisa, unajua, kama mtu anayetaka biashara iishe vizuri. Akajibu vile vile. Nilipopita lango nikasikia bunduki. Majirani walimzika usiku huo mchangani, mahali ambapo hata wao upepo umekwisha kuwapotezea."

Huyo aliyejifunza kwangu kuchelewesha jibu, mwanangu, hapo hakuchelewa.

Nyumba yote ilikuwa inaningoja mimi. Baba mdogo alikuwa ameinamisha kichwa. Lugha yetu ina maneno mengi ya kupunguza: amelala, ametangulia, ametuacha. Yote yalinijia ulimini, yamepangwa vizuri. Mama alikuwa bado ameshika mguu wa Sista, ananitazama.

Nikasema, "Walimuuliza kama yeye ni padri wao. Akasema ndiyo. Wakamuua."

Mama aliweka mikono kichwani. Kilio kilitoka, kile kilichokuwa kimekaa ndani misimu yote ile, kikatoka nje kikavuka boma, na wanawake wa boma la pili wakakijibu, na wa boma la tatu wakawajibu hao, mpaka kikafika ufuoni, na nasikia wavuvi walioko majini walizima mashine za boti. Sijui kama ni kweli. Mimi niliusikia ukimya wao.

Nilikwenda kukata yago mwenyewe. Lilikuwa limening'inia kwenye mti wa jirani, na jirani hakutaja bei, nami sikumuuliza. Baba mdogo na vijana walijenga haraka kibanda kidogo cha nyasi bomani, kile cha kijana mwanamume ambacho Wajaluo tunakiita simba, usicheke, kwani mwanamume asiye na nyumba kwao hana mahali pa kuingilia hata akiwa maiti. Hivyo kaka yangu, aliyekuwa ameahidi maisha ya kutokuwa na nyumba, akapata nyumba.

Katekista alikuja akiwa bado na mashaka. "Tunda hili," akasema, "angalau libarikiwe kwanza."

"Sikatai," akajibu baba mdogo. "Ila maji kidogo tu, lisianze kuoza kabla hatujafika kwenye Baba Yetu."

"Wewe mzee, na mahali kama hapa!"

"Aliyelala hapa alipenda mzaha. Nyunyiza."

Likanyunyizwa. Watu walicheka wakiwa wanalia, na wote waliomjua walisema ndivyo angependa.

Wakati wa sala zote mama alilipakata lile yago, limefungwa shuka jeupe, uzito wake kama mtoto anayeanza kukaa. Alikuwa analiyumbisha bila kujijua. Alasiri ile hewa ilikuwa nyeupe, vitu vilionekana kama viko nyuma ya pazia, na mimi niliwaona watu kama vivuli vyao. Kaburi lilipokuwa tayari, mama alisimama, akanijia, akaniwekea lile yago mikononi. Akarudi kukaa.

Baba mdogo alikuwa ameshaingia kaburini kulipokea. Alinyoosha mikono. "Lete, mwanangu."

Nilisimama pale. Yago lilikuwa na joto la mapaja ya mama. Bado ningeweza kusema akija je. Bado kulikuwa na upepo na mchanga na mtawa aliyesikia bunduki lakini hakuona, na mimi ni mtu wa kushika uzi mwembamba kama huo nikaufanya kamba. Nilitafuta neno. Baba mdogo hakushusha mikono, na ilikuwa inatetemeka kwa uzee.

Nikampa.

Nikampa bila kudai chochote, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na udongo ulipoanguka juu ya shuka lile nilimlilia kaka yangu. Mama alianza kula tangu kesho yake. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akanenepa, akanigombeza mpaka mwisho. Kwenye ile sahani ya bluu akawa anakula yeye mwenyewe. Na Odiwuor sikumwona tena majini wala sokoni. Nadhani alikuwa ameingia ndani.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana nimekuzungusha sana ili nifike hapa. Ulimi wa biashara si dhambi. Unao, utumie, na mtu akikwambia ni tabia ya sokoni mwambie kuna wenye watoto wachanga wanaoishi leo kwa sababu ya tabia hiyo. Lakini uutumie kwanza kwa aliye nyuma yako, asiyeweza kujisemea. Ukimwona mtu unayempenda ameitwa kwenye kazi iliyo nzito kuliko unavyotaka abebe, mwambie hofu yako waziwazi mara moja, umfungashie chakula, umwache aende. Usimfunge kwa machozi yako halafu ukayaita mapenzi. Mtu akikutegemea umletee ukweli, hasa mzazi, mletee mzima. Anaweza kuubeba. Kisichobebeka ni ule uliomegwa, kwa maana hajui aulilie au aungoje. Na jambo likishakwisha, lizike. Usimweke mama yako mkekani misimu miwili kwa sababu wewe hutaki kushindwa.

Kuna vitu vichache sana utakavyoulizwa ambavyo havina mjadala. Sikutajii, vyako utavijua mwenyewe vikifika, na mara nyingi anayekuuliza atakuwa mpole na atakuonyesha njia rahisi ya kutokea.

Basi nenda, mwanangu, na heri ya nyumba yetu iende nawe. Mungu akuzungushie watu wa kukuficha siku ya hatari hata kama hawasali kama wewe. Akujalie mzazi wa kukugombeza kwa sauti ya chini. Akupe maneno mengi ya kuwaombea wengine. Na siku utakapoulizwa wewe ni nani, jibu lako liwe fupi.